Dirisha Kabla ya Projekta



Nimeombwa nizungumzie matamasha ya mwanga. Kwa ambaye hajakutana nayo, ni zile siku chache za mwaka ambapo mji huzima baadhi ya taa zake za barabarani, kisha kuta za makanisa, makumbusho na majumba ya serikali humwagiwa picha zinazotembea, madaraja hubadilishwa rangi, bustani hujazwa sanamu zinazong'aa, na watu hutoka majumbani, watoto mabegani, kwenda kutazama, mara nyingi bila kulipa kiingilio. Wasanii wake wengi ni watu wa kompyuta. Huchora kwa programu, hutunga muziki kwa programu, na wengine hutengeneza kazi zinazobadilika kadiri mtazamaji anavyosogea au kupunga mkono. Ndiyo maana siku hizi utasikia watu wakiyaita pia matamasha ya utamaduni wa kidijitali. Lyon inalo, Prague inalo, Eindhoven, Berlin, Amsterdam, Sydney na Singapore kadhalika. Na kwetu huku kila kijana mwenye projekta na kompyuta nzuri ananiuliza swali lile lile: na sisi lini?

Nitalijibu, ila mnivumilie nizungukie Lyon kwanza. Mji huo wa Ufaransa ndio ulioufanya mwanga kuwa kazi ya manispaa, na historia yake ina jambo ambalo vipeperushi vya utalii hulipita mbio.

Mwaka 1643 tauni ilikuwa ikiwatisha watu wa Lyon. Madiwani wakaweka nadhiri: mji ukinusurika, kila mwaka watapanda kilima cha Fourvière kumshukuru Bikira Maria, wakichukua mishumaa ya nta nyeupe ya uzito wa ratili saba na sarafu moja ya dhahabu. Nadhiri ile hutimizwa kila tarehe 8 Septemba, hadi leo. Miaka mia mbili na ushei baadaye, Wakatoliki wa mji waliamua kusimamisha sanamu ya Maria juu ya mnara wa kanisa dogo la kilima hicho hicho, na mchongaji Joseph-Hugues Fabisch akapewa kazi. Uzinduzi ulipangwa tarehe 8 Septemba 1852. Mto Saône ukafurika, maji yakaingia kwenye karakana, sanamu ikachelewa. Tarehe ikasogezwa hadi 8 Desemba, sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Fataki zikaandaliwa, na wenye nyumba wakajiandaa kupamba madirisha yao. Siku ilipofika, mji ukaamkia dhoruba. Wakubwa wakawa tayari kuahirisha kwa mara nyingine. Kufikia jioni mbingu zikatakata, na kabla wakubwa hawajajua la kufanya, watu walikwisha kuwasha mishumaa na kuipanga madirishani, nyumba baada ya nyumba, wakateremka mitaani kutazamana.

Wenyeji wa Lyon huikumbuka jioni ile kila mwaka kwa vyombo wanavyovijua hata watoto wao. Ni vibilauri vidogo vya kioo kinene, vyenye mifuo kwa nje, vingine vyeupe na vingine vya rangi. Ndani yake hukaa mshumaa mfupi mnene. Mifuo ile huvunjavunja mwali ukaonekana mwingi kuliko ulivyo. Vibilauri hupangwa kwenye ukingo wa dirisha, vimekaribiana, na ndani ya nyumba taa huzimwa ili vionekane vizuri kutoka barabarani. Gharama yake haimshindi mtu yeyote. Katika vilima vya Croix-Rousse, walikoishi wafumaji wa hariri, watu maskini walioasi mwaka 1831 na tena 1834 kudai malipo ya haki, madirisha ni marefu kupita kawaida kwa sababu vitanda vya kufumia vilihitaji dari za juu na mwanga wa mchana. Sikukuu ikaikuta mitaa yenye madirisha tele.

Kwa zaidi ya miaka mia moja hilo ndilo lililokuwa tamasha lenyewe. Hakuna mkurugenzi, hakuna nembo, hakuna mdhamini. Mwaka 1989, chini ya Meya Michel Noir, manispaa ilianza mpango wa kuyaangazia majengo, madaraja na kingo za mito miwili ya mji mwaka mzima, ukafikia zaidi ya maeneo 100. Lyon ikawa shule ya wahandisi wa taa za mijini, na mwaka 2002 ndiyo iliyoanzisha mtandao wa LUCI, unaoiunganisha miji ya dunia katika mambo ya taa. Mwaka 1999 ile jioni moja ya Desemba ikapanuliwa ikawa tamasha la siku nne, wasanii wakaalikwa, projekta zikaingia. Leo hesabu ya waliotembelea, kwa mwaka mzuri, hutajwa kuwa karibu milioni mbili, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa makampuni.

Kuna kitu kinachonifurahisha katika mpango huo. Serikali ya Ufaransa haina dini, kwa hiyo manispaa huiita sikukuu hii kwa jina la taa tu, bila kumtaja mtakatifu. Lakini usiku huo huo, ukiinua macho kuelekea Fourvière, unakuta Kanisa limesimamisha maandishi makubwa ya taa ya kumshukuru Maria, yanasomeka kutoka chini mjini. Wote wawili wako mji mmoja na hakuna anayemzimia mwenzake. Sisi tunaopenda kugombana juu ya nani mwenye sikukuu tungeweza kujifunza hapo, lakini nisitoke nje ya mada.

Sasa njooni kwenye mwaka 2015. Tarehe 13 Novemba magaidi waliua watu 130 mjini Paris na kitongoji chake. Tamasha la Lyon lilikuwa limebakiza wiki chache tu. Mikataba ilikwisha kusainiwa, kazi za wasanii zilikwisha kutengenezwa. Meya Gérard Collomb akalifuta, kwa sababu haikuwezekana kulinda umati wa ukubwa ule. Ilipofika jioni ya tarehe 8 Desemba, wenyeji waliwasha mishumaa madirishani kuwakumbuka waliouawa, na safari hii ilikuwa mingi. Mwaka uliofuata tamasha lilirudi, limepunguzwa likawa la siku tatu, na katikati ya mji pamewekwa vizuizi na wakaguzi wa mabegi. Mwaka 2020 ikaja korona, likafutwa tena. Mishumaa ikawaka tena.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na nitaisema waziwazi ili asiyekubaliana nayo apate la kunishika: projekta zilipozimwa mara mbili, Lyon haikupoteza sikukuu yake, kwa sababu sikukuu haikuwahi kukaa kwenye projekta. Ilikaa majumbani mwa watu. Mji unaonunua projekta bila kuwa na madirisha nyuma yake unanunua tangazo refu.

Nisieleweke kwamba nazidharau mashine. Nina mapenzi nazo, na ningependa mjue zinavyofanya kazi, maana wengi huona picha ukutani wakadhani ni sinema iliyokuzwa.

Ukitaka kulipaka jengo picha, huanzi na picha. Unaanza na jengo. Mafundi hulipima kwa leza, mashine inayozunguka juu ya miguu mitatu ikirusha mwali na kurekodi umbali wa mamilioni ya nukta: kila dirisha, kila nguzo, kila jani lililochongwa kwenye jiwe. Nukta hizo hujenga jengo la pili ndani ya kompyuta. Msanii hufanya kazi juu ya hilo la pili, na ndiyo maana anaweza kufanya nguzo ionekane kama inapinda, maji yatoke dirishani, au ukuta mzima uporomoke tofali kwa tofali. Macho yetu huamini kwa sababu kivuli cha kuchora kimeangukia mahali ambapo kivuli cha kweli kingeangukia.

Kisha inakuja kazi ya usiku. Projekta za darasani hutoa lumeni elfu tatu au nne. Za kazi hii hutoa elfu ishirini na kuendelea, na uso wa kanisa kubwa huweza kuhitaji kumi au zaidi, zimepangwa juu ya majukwaa ya mabomba, kila moja ikibeba kipande chake cha picha na kupishana kidogo na jirani yake. Pale zinapopishana mwanga ungekuwa maradufu, kwa hiyo programu huupunguza pole pole pembeni mpaka mshono upotee. Upepo ukilisogeza jukwaa kwa upana wa kidole, dirisha la picha huteleza kando ya dirisha la jiwe, na hata mtoto huona kuna kasoro. Fundi hurekebisha kila jioni kabla watu hawajafika. Onyesho lenyewe ni la dakika chache, hurudiwa hadi usiku mkubwa. Pale Place des Terreaux mjini Lyon hutumika nyuso mbili kwa pamoja, jumba la manispaa na jumba la makumbusho ya sanaa, zinazokutana kwa pembe, hivyo mtazamaji wa katikati hujikuta amezingirwa.

Na kuna jambo moja la kiufundi ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote. Projekta hurusha kila rangi isipokuwa nyeusi. Weusi unaouona ukutani ni usiku wenyewe, pale ambapo mashine haikurusha kitu. Taa moja ya barabarani ikiachwa inawaka karibu na ukuta, weusi wote huwa kijivu na picha hufa. Kwa hiyo mwandaaji hutumia wiki nzima akibisha hodi: manispaa wazime taa za mtaa, mwenye duka azime bango, wapangaji wa ghorofa la mkabala wafunge mapazia. Giza ndilo karatasi ya msanii huyu, na karatasi hiyo iko mikononi mwa majirani.

Ufundi huu haukuanza jana. Mwaka 1952 Paul Robert-Houdin, mtunzaji wa kasri la Chambord nchini Ufaransa, alilimulika kasri lile usiku kwa taa zilizofuatana na sauti ya simulizi na muziki. Mtindo ule ukasambaa, na mwaka 1961 ukafika kwenye piramidi za Giza. Mwaka 1969 Disneyland ya California ilifungua jumba la mizimu ambamo sura za watu waliorekodiwa kwenye filamu zilimulikwa juu ya sanamu za vichwa, zikawa zinaimba. Wenye fani huvitaja hivi viwili kila wanapoeleza asili yao. Mimi ningeongeza cha tatu, na kina Afrika ndani yake.

Mwezi Agosti 1985 msanii mzaliwa wa Poland, Krzysztof Wodiczko, alikuwa London, katika uwanja wa Trafalgar, akiwa na kibali cha kumulika picha juu ya mnara wa Nelson. Pembeni mwa uwanja ule kuna jumba la ubalozi wa Afrika Kusini. Ilikuwa miaka ya ubaguzi wa rangi, na wakubwa wa Pretoria walikuwa wakitafuta kuungwa mkono na serikali ya Margaret Thatcher. Wodiczko akaigeuza projekta yake. Juu ya ile pembetatu ya mbele ya paa la ubalozi ikatokea nembo ya Wanazi. Hakuna tofali lililoguswa, hakuna rangi iliyomwagwa, ukuta ukabaki safi kama ulivyokuwa, lakini kila aliyepita alijua jumba lile linafanya nini. Ikakaa mpaka polisi walipoingilia.

Vifaa vyake vilikuwa projekta ya slaidi na picha moja isiyosogea. Tukilinganisha na mashine za leo, ni kitu cha makumbusho. Nauliza tu: katika maonyesho yote ya leo yenye nguzo zinazopinda na maua yanayochanua ukutani, ni lipi litakalokumbukwa miaka 40 baadaye? Onyesho la Prague la mwaka 2010 huenda. Saa ya ukutani ya mji ule, iliyowekwa mwaka 1410, ilitimiza miaka 600, na kundi liitwalo The Macula likaumulika mnara wake kwa historia ya mnara wenyewe: mitambo ikizunguka, ukuta ukijengwa na kubomoka. Jengo lilijisimulia. Video zake zilizunguka duniani, na miaka mitatu baadaye likaanzishwa katika mji huo tamasha la Signal, ambalo sasa hujaza mitaa yake kila Oktoba. Lakini mengi ya siku hizi yangeweza kuhamishwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kutoka nchi hadi nchi, na hakuna ambaye angejua. Nyangumi anaogelea juu ya kanisa. Kesho yake yumo juu ya benki. Hilo kwangu ni pambo, na pambo si dhambi, lakini tusiliite sanaa ya mji.

Nilisema tangazo refu, na wengine mmetabasamu. Basi sikieni kisa cha Sydney. Mji ule una tamasha lake la mwanga, Vivid, lililoanza mwaka 2009, ambapo msanii Brian Eno alimulika paa za jumba la opera, zile zilizoundwa kama matanga. Watu walizipenda sana paa zile zikiwa na picha. Oktoba 2018 serikali ya jimbo ikaamuru zitumike kutangaza mashindano ya farasi. Wakurugenzi wa jumba hawakutaka, mtangazaji mmoja wa redio akamfokea mkuu wa jumba hewani, na serikali ikawa upande wa farasi. Zaidi ya watu laki mbili walitia saini kupinga. Ulipofika usiku wa kumulika, watu mamia kwa mamia walijitokeza wakiwa na tochi na simu, wakazielekeza kwenye paa ili kulichafua tangazo. Tochi za mkononi dhidi ya projekta kubwa! Tangazo lilionyeshwa, lakini dunia nzima ilisikia habari za tochi.

Funzo ninalolichukua hapo ni la kisheria zaidi kuliko la kisanaa. Ukishazoeza mji kwamba ukuta wa umma unaweza kuwa skrini, siku ya pili mwenye fedha atauliza bei ya skrini hiyo. Kwa hiyo kabla ya tamasha la kwanza, manispaa iandike ni kuta zipi, siku ngapi, na nani ana haki ya kusema hapana. Tukisubiri hadi baada ya mafanikio tutakuwa tumechelewa, maana mafanikio ndiyo yanayoleta wanunuzi.

Kuna pia wakazi wasioweza kutia saini. Jijini New York, kila tarehe 11 Septemba, taa 88 huelekezwa mbinguni kuwakumbuka waliokufa mwaka 2001. Ni wakati ambao ndege wahamao wanapita usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika miaka 7 nguzo zile za mwanga ziliathiri njia za ndege zaidi ya milioni moja, waliozunguka ndani yake wakilia na kupoteza nguvu. Dawa ilikuwa rahisi ajabu. Watu hukaa juu ya paa wakihesabu, na ndege wakizidi elfu moja, taa huzimwa kwa dakika 20 hivi. Ndege hutawanyika na kuendelea na safari. Pwani yetu nayo ina fukwe ambako kasa hutaga, na vifaranga vyake hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga. Mwandaaji wa kwetu atakayepanga maonyesho ufukweni bila kumuuliza mtu wa kasa, mimi sitakwenda kutazama.

Haya, tumefika nyumbani.

Mtu asiseme kwamba mwanga wa kuonyesha ni mgeni kwetu. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lile likaja kuwa la kwanza Zanzibar kupata umeme. Mbele yake palisimama mnara wenye safu za taa, na mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakiuona kutoka baharini waliutania kwamba ni mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zikaupiga mabomu mji, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, na mnara ule ukawa miongoni mwa vilivyoharibiwa. Ndiyo historia yetu ya mwanzo ya taa za mji: mtawala aliziwasha ili zionekane kutoka melini, na watu wa melini wakazizima. Mkazi wa kawaida wa mtaa wa Ng'ambo hakuulizwa wakati wa kuwasha wala wakati wa kuzima.

Lakini kuna mwanga mwingine uliokuwapo wakati wote. Diwali ikifika, mbele ya milango ya Wahindu wa Kisutu na Upanga, Dar es Salaam, hupangwa vitaa vya udongo vyenye utambi na mafuta, na kwa usiku mmoja majirani wa dini nyingine hupita wakitazama. Maulidi ya Lamu hujaza mji mdogo wageni wanaokesha. Ngome Kongwe ya Unguja imezoea kuwa ukumbi wa filamu tangu tamasha la filamu la ZIFF lilipoanza mwaka 1998, watu wakikaa chini ya nyota na picha ikiwa mbele ya kuta za karne nyingi. Na kuta zenyewe, za mawe ya matumbawe na chokaa, hupokea mwanga vizuri kuliko kioo cha maghorofa mapya, maana kioo huurudisha mwanga kama kilivyoupata, bali chokaa huukalisha.

Ila jengo liwe limesimama kwanza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili walifariki. Kama kuna mdhamini mwenye shilingi za kumulika majengo ya kale, mwambieni aanzie kwenye paa na boriti. Lyon iliweza kumulika kwa sababu ilikuwa na cha kumulika.

Sasa nalijibu swali la vijana. Sisi lini? Hata mwaka huu, mkikubali kuanza udogoni, na kuanza na madirisha.

Msitafute tarehe mpya. Chagueni usiku ambao watu tayari wanatoka nje kwa hiari yao. Tafuteni mtaa mmoja, si mji: mtaa wenye nyumba zinazotazamana, kama ule wa Mji Mkongwe wa Mombasa au wa Unguja, au wa Kariakoo ile ya zamani panapobakia. Ombeni kila nyumba iweke taa moja, ya mafuta, ya mshumaa au ya betri, na baada ya hapo ndipo mlete projekta moja kwenye ukuta mmoja. Picha itakayorushwa isimulie ukuta ule: nani aliujenga, nani aliishi humo, ni biashara gani iliyofanyika barazani. Mkikosa la kusimulia, msiurushie nyangumi. Uacheni na giza lake. Andikeni mapema na mwenye nyumba na manispaa, kwamba ukuta hauuzwi. Na mtu wa zimamoto awepo, kwa sababu mishumaa mia mbili katika mtaa wa milango ya mbao si mchezo.

Mwaka wa kwanza watakuja majirani tu. Wa pili watakuja shangazi zao. Msihesabu watalii kabla ya mwaka wa tano, na msikubali mtu awahesabie.

Mtaniambia projekta haipatikani bure, na kweli haipatikani. Lakini nimekuwa nikiona barua za kuomba udhamini zinazoanza na orodha ya vifaa na kumalizika na nafasi ya nembo, na katikati hamna jina la mtaa wala la mkazi hata mmoja. Barua hiyo msiiandike bado. Kesho jioni nendeni katika mtaa mliouchagua, mpige hodi kwenye nyumba ya kwanza, mwulizeni mwenyewe kama atakubali kuwasha taa moja dirishani kwake na kuzima nyingine zote kwa saa mbili. Akikubali, nendeni nyumba ya pili. Nyumba 20 zikishakubali, rudini kwangu, nami nitawasaidia kuitafuta projekta.